Intavyu ya Jumapili

Mokua ana buchari pale Kebirigo, na Jumamosi ndiyo siku yake kubwa. Kabla umande haujakauka huwa amekwisha kutundika paja la ng'ombe dirishani, kisu mkononi, anawaita wateja kwa majina ya baba zao. Tangu tukichunga ndama pamoja utotoni sijawahi kumwona akiingia kanisa la Sabato. Hata kwenye mazishi husimama nje. Kwa hiyo niliposikia, mwishoni mwa mwaka wa 2024, kwamba mwanawe Anyona alifanya intavyu ya kuingia Nyota Saba Academy siku ya Jumapili, pamoja na watoto wa Wasabato, nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Nyota Saba ni shule ya kibinafsi, iko juu ya kilima, na ukuta wake mweupe unauona ukiwa katikati ya majani chai ya kwetu. Kila Novemba wazazi hupanda kule na watoto waliopakwa mafuta mpaka magotini, watoto zaidi ya mia tatu, kugombea nafasi arobaini za Gredi ya Saba. Katika hizo arobaini, mbili ni za bure. Watoto wawili wa shule za umma wanaopata alama za juu husomeshwa pale hadi Gredi ya Tisa bila mzazi kutoa chochote. Hizo mbili ndizo zinazowatoa watu akili. Nimeona mama akimnyima mtoto uji siku ya intavyu asije akasinzia. Nimeona baba akimzungusha mtoto makanisa matatu kwa wiki moja aombewe, na yeye mwenyewe haamini hata moja.

Intavyu ilikuwa ikifanywa Jumamosi. Lakini watu wengi wa kwetu ni Wasabato, na mtoto wa Msabato hashiki kalamu Jumamosi mpaka jua lizame. Mwalimu mkuu, Madam Bitutu, alikuwa akiwaita hao Jumapili alasiri. Karatasi ileile, darasa lilelile. Haikuandikwa popote. Mzazi alimwendea tu akamwambia, "Mwalimu, sisi ni wa Sabato," naye akaliandika jina la mtoto kwenye kijidaftari chake.

Mokua naye alikwenda akasema hivyo hivyo. Mpwa wake alifanya mtihani Jumamosi, jioni akaketi na Anyona wakapitia swali baada ya swali, na Jumapili Anyona akaandika majibu. Akatoka wa pili. Binti mmoja wa Nyaramba, mtoto wa mchuma chai, akakosa nafasi kwa alama moja.

Nilimwendea Mokua palepale buchari.

"Tangu lini wewe ni Msabato?"

"Tangu Jumapili ile," akasema, na wateja wakaangua kicheko. "Masese, una wivu wa nini? Mtoto wangu amekwenda juu. Nunua matumbo uende nyumbani."

Mimi huwa sisahau. Mwaka wa 1980 nilifanya mtihani wa darasa la saba nikapita. Barua yangu ya kuitwa sekondari ilifika kwa naibu wa chifu, ikalala huko, na mpwa wake akaenda nayo. Alisoma kwa jina langu muhula mzima. Baba yangu alikwenda kuuliza, akaambiwa asubiri nje. Alisubiri siku hiyo, akasubiri na nyingine nyingi, mpaka akachoka, akafa bila kujibiwa. Yote niliyosoma baada ya hapo nilijisomea: magazeti ya kufungia sukari, katiba tuliyogawiwa bure, vitabu vya sheria alivyotupa wakili mmoja wa Kisii alipohama ofisi. Chifu nimemwandikia barua. Meneja wa kiwanda cha chai nimemwandikia. Kamati ya maji nimeiandikia mara saba. Nakala zote ziko kwenye faili ya khaki chini ya kitanda changu.

Basi nikamwandikia na mkurugenzi wa Nyota Saba.

Na msidhani sikuwa na mtoto wa kugombea. Binti yangu Emily ameolewa ng'ambo ya kijito, mume wake Geoffrey yuko Nairobi kwenye kazi za mjengo. Mtoto wao wa kwanza ni Nyakerario, aliyepewa jina la marehemu mama yangu, na kwa sababu hiyo mimi humwita Mama. Alikuwa Gredi ya Sita katika shule ya umma, na hakuna muhula alioshika namba mbili. Novemba ya 2025 ilikuwa zamu yake. Emily ni Msabato wa kweli, shemasi. Mtoto huyo angefanya intavyu Jumapili.

Nilijua hivyo. Nayaandika haya nikiwa najua kwamba nilijua.

Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kanisa miaka minane, baada ya kugombana na wazee juu ya uchaguzi wao, na Jumamosi kwangu ilikuwa imekuwa siku ya kuchuma majani kama siku nyingine. Nilichokiona mbele yangu ni mlango ambao Mokua aliupitia, na nilitaka ufungwe kwa misumari. Nikaandika: siku moja, karatasi moja, kwa watoto wote. Chini yake nikaongeza sentensi niliyoipenda sana, nikaisoma kwa sauti peke yangu jikoni: "Hakuna mtoto atakayefanya mtihani siku nyingine kwa sababu yoyote ile."

Niliipeleka Kisii mjini kwa Jaffer, mwenye duka la kupiga chapa na fotokopi. Jaffer ndiye hunichapia barua zangu zote na hujua makosa yangu kuliko mke wangu alivyoyajua. Alichapa mpaka mwisho, kisha akaondoa mikono kwenye mashine.

"Mzee Masese, umeandika siku moja. Siku gani?"

"Hiyo ni kazi yao kupanga. Jumapili, au siku ya wiki. Wana akili."

"Hukuitaja."

"Jaffer, chapa kazi."

"Nachapa. Lakini nikuambie. Firdaus wangu anasoma pale. Ijumaa saa ya swala Madam Bitutu humwachia chumba cha maktaba. Hakuna barua. Sikuomba barua. Siku nitakayoomba barua, mkurugenzi ataita kikao, na kikao kitamnyang'anya mtoto chumba."

"Ndiyo maana hamwendelei," nikamwambia. "Mnaishi kwa huruma ya mtu. Mimi nataka haki."

Jaffer akacheka kidogo. "Haya, baba wa haki. Nakala ngapi?"

Sahihi nilizikusanya kwenye kituo cha majani chai, pale wanawake wanapongoja lori la kiwanda na magunia yao. Niliwasimulia habari za Mokua na paja lake la ng'ombe, na za yule binti wa Nyaramba. Walipiga kelele za hasira, kisha wakapokezana kalamu. Emily alifika amechelewa, gunia kichwani. Alilishusha, akafuta mikono kwenye lesso, akatia sahihi juu ya goti lake. Namba kumi na saba. Hakusoma.

Tulipanda Nyota Saba watu kumi na wawili. Madam Bitutu alitupokea langoni, akaisoma barua akiwa amesimama, kisha akanivuta kando, karibu na matangi ya maji.

"Omogaka," akaniita, kwa heshima wanayoitiwa wazee kwetu, "hili la Mokua nimelisikia, na limeniuma. Mwaka huu kila mtoto wa Jumapili ataleta neno la mchungaji wake. Na karatasi nitatunga nyingine. Niachie mimi."

"Ulidanganywa mwaka jana. Nani atakuzuia usidanganywe tena?"

"Nitadanganywa na mmoja. Wengine ishirini watakuwa wa kweli." Akashusha sauti. "Mkurugenzi hajui habari za Jumapili. Nilizianzisha mwenyewe. Ukimpa karatasi hii, atajua."

Hapo ndipo nilipopaswa kurudi nyuma. Mpaka leo nikilala nayaona yale matangi, na mkono wake ulivyokuwa umeishika barua kwa ncha ya vidole. Lakini mimi nilisikia neno moja tu: hajui. Nikajiambia, kumbe yanafichwa. Nikamnyang'anya barua mkononi, nikapita.

Mkurugenzi Onyancha ni mtu wa maneno machache na kalamu nzuri. Aliisoma mara mbili. Akamtazama Madam Bitutu, aliyekuwa amesimama mlangoni, kisha akatutazama sisi.

"Wazazi mmenena vizuri," akasema. "Kumbe kuna mitihani inafanyika shuleni kwangu nami sina habari. Mtajibiwa kwa maandishi."

Jibu lilikuja mwezi wa tisa, lina muhuri. Nililisomea watu sokoni Kebirigo nimesimama juu ya kreti la soda. Shule imekubali ombi la wazazi neno kwa neno. Siku moja, karatasi moja, tarehe nane Novemba. Walinibeba. Mimi, mtu wa miaka hamsini na minane, nilibebwa juu juu kama bwana harusi, na Mokua akafunga dirisha lake la buchari mapema. Katika maisha yangu yote ya kuandika barua, hiyo ndiyo ya kwanza kukubaliwa.

Jioni nilivuka kijito kwenda kumwonyesha Emily. Nyakerario alikuwa mlangoni anaosha viatu vya shule kwa kipande cha gunzi.

"Sokoro, wamesema walikubeba!" Sokoro kwetu ni babu.

"Walinibeba, Mama. Nusura waniangushe."

Emily alichukua barua akaisoma taratibu. Kisha akainuka akaenda ukutani, kwenye kalenda ya kanisa, ile ambayo Jumamosi zake zote zimepigwa rangi nyekundu na saa ya jua kuzama imeandikwa pembeni. Akafungua Novemba. Akaweka kidole.

Mimi niliona wekundu chini ya kidole chake.

"Nitarudi kwao," nikasema. "Ni kosa dogo. Wataisogeza hadi Jumapili."

"Ndiyo, Tata," akasema. Hivyo ndivyo tunavyomwita baba kwa lugha yetu, na siku hiyo alilitamka kama mtu anayemjibu mgonjwa.

Kesho yake nilipanda peke yangu. Onyancha alinipa kiti na chai. Nilimweleza. Nikamwomba watoto wote wafanye Jumapili. Akasema Jumapili wasimamizi wake wako kanisani, na barua mia tatu zimekwisha kutoka. Nikamwomba jambo lingine, lile linalofanywa kwingine: watoto wa Sabato wafike Jumamosi asubuhi na wenzao, wafungiwe chumba kimoja, wasionane na mtu, jua likizama wapewe karatasi. Hapo hakuna wizi unaowezekana.

Onyancha akafungua droo, akatoa barua yangu, akaigeuza inielekee. Alikuwa amepiga mstari chini ya sentensi moja. Sikuhitaji kuisoma.

"Mzee, haya ni maneno yangu?"

"Ni yangu."

"Na sahihi hizi themanini na tatu?"

"Nilizikusanya mimi."

"Sasa nikibadilisha, si kesho utaniandikia nyingine useme Onyancha ana upendeleo?" Hakuwa akinidhihaki. Hilo ndilo lililoniumiza. "Mimi pia nataka haki. Umenionyesha namna."

Nilipotoka, Madam Bitutu alikuwa darasani anafundisha. Aliniona dirishani. Hakuja.

Nilibaki na njia moja, na ninaona haya kuiandika. Wiki moja kabla ya intavyu nilivuka tena kijito. Emily alikuwa anamenya ndizi.

"Emily, ni Jumamosi moja tu," nikasema. "Mungu hawezi kumhukumu mtoto kwa Jumamosi moja. Mimi nitampeleka. Wewe nenda kanisani, useme hukujua."

Aliendelea kumenya.

"Tata, wewe husahau?"

"Unajua mimi sisahau."

"Mwaka wa tisini na tisa nilikuwa darasa la nane. Moku ya wilaya, ule mtihani wa majaribio, ikawekwa Jumamosi. Nikakuambia, nitaenda tu, wenzangu wote wanaenda. Ukanifungia ndani ya nyumba. Ukasema mtoto wako hatauza Sabato kwa karatasi. Ukaenda kwa mwalimu mkuu kwa miguu, mvua inanyesha, ukakaa kwake mpaka akakubali nifanye Jumapili, peke yangu, yeye amekaa mbele yangu anakula mahindi." Akaitupa ndizi sufuriani. "Hiyo haimo kwenye faili yako?"

Haikuwemo. Sikuwa nimeandika barua. Nilikwenda nikaomba, mwalimu akakubali, tukaachana. Hakuna aliyenikosea, na mimi hukumbuka walionikosea.

"Na hii nyingine," Emily akasema, "sahihi yangu imo. Namba kumi na saba, nimeambiwa. Sikusoma, kwa sababu ni wewe uliyeniletea."

Nyakerario alikuwa ameketi nyuma ya mlango na vitabu vyake, na nilijua amesikia yote kwa sababu hakuwa anafunua kurasa.

"Mama," nikamwita. "Wewe wataka nini?"

Ni mtoto wa miaka kumi na miwili. Sikuwa na haki ya kumuuliza.

"Nataka kuimba Jumamosi," akasema. "Tuna wimbo wa watoto, mimi ndiye naanzisha." Halafu, polepole: "Lakini Sokoro, nilikuwa nimejisomea mpaka mwisho."

Tarehe nane nilisimama nje ya lango la Nyota Saba tangu saa moja asubuhi. Sijui nilikwenda kufanya nini. Waliingia na mafuta magotini, na rula mpya, na mama zao wakawarekebisha kola mara ya mwisho kupitia vyuma vya lango. Mokua alimleta mtoto wake wa pili, msichana. Aliniona, akaja.

"Masese, umeshinda," akasema. "Mwaka huu mtoto wetu anafanya kwa akili yake mwenyewe." Sikuona kejeli usoni mwake. Akaongeza, "Wa Emily yuko wapi?"

Niligeukia lango, naye akaelewa, akatazama chini kwenye gambuti zake.

Meza zilikuwa zimepangwa uwanjani, kila meza na namba. Kutoka langoni niliona zile tupu. Zilikuwa ishirini na mbili. Hakuna aliyeziondoa. Kengele ilipigwa, watoto wakainamisha vichwa, na upepo ukawa unafunua karatasi kwenye zile meza zisizo na mtu, mpaka Madam Bitutu akapita akaweka jiwe dogo juu ya kila moja.

Mchana, mtihani ulipokwisha, alikuja langoni na karatasi moja imekunjwa.

"Karatasi yenyewe sasa si siri tena," akasema. "Mpe Jumapili. Saa nane alasiri, kama ilivyokuwa."

Nikampa Jumapili, saa nane. Emily alifuta meza, akawatoa wadogo nje, akafunga mlango. Nyakerario alivaa sare ya shule bila kuambiwa. Mimi nilikaa mbele yake na saa yangu ya mkononi, na mara moja tu nilipotaka kukohoa nilitoka nje. Hakuinua macho. Alipomaliza alirudia kurasa zote, akaweka kalamu sambamba na karatasi kama wanavyofundishwa.

"Sokoro, nani atasahihisha?"

"Madam Bitutu."

"Halafu?"

Nikamwambia saa imekwisha.

Madam Bitutu aliisahihisha kwa kalamu nyekundu, akanirudishia baada ya majina kutangazwa. Mtoto alikuwa amepata arobaini na sita kwa hamsini. Aliyepewa nafasi ya pili ya bure, mtoto mmoja wa kutoka Masimba, alipata arobaini na nne. Sikumwonyesha Emily. Sikuitia kwenye faili. Iko ndani ya Biblia ya marehemu mke wangu, na siku moja mtoto atanidai, nami nitampa.

Tangu Januari Nyakerario anasoma shule ya kutwa hapo chini. Darasa lao lina watoto sabini na mwalimu wa sayansi ni wa kuazima. Kila asubuhi hupita kando ya ua wangu na kunisalimu, na sauti yake haijabadilika, jambo ambalo naona gumu kulivumilia kuliko kama angenuna. Emily hunipa chai nikienda kwake. Akiniona na karatasi na kalamu huinuka akatafuta kazi nje.

Novemba ijayo kuna watoto wengine wa Sabato. Nimeamua kutoandika barua. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi napanda Nyota Saba mikono mitupu, nikaombe kwa mdomo, kama nilivyoomba mwaka ule wa tisini na tisa mvua ikininyeshea. Mara ya kwanza Onyancha aliniambia ana wageni. Mara ya pili alikuwa Nairobi. Jumatatu iliyopita karani alinitazama, akatazama mkononi mwangu kama nimeleta barua, akaona sina kitu.

"Mzee, subiri nje," akasema.

Kuna benchi chini ya dirisha la ofisi. Nilikaa mpaka kengele ya jioni.